Sanduku la Victory lisubiri: kuchagua seti ya kwanza ya modeli ya mashua

Msomaji anauliza: "Marehemu mjomba wangu ameniachia sanduku la modeli ya mbao ya HMS Victory, skeli 1:72, ambalo hakuwahi kulifungua. Sijawahi kuunda modeli yoyote. Nina meza ndogo pembeni mwa chumba na jioni mbili kwa wiki. Rafiki mmoja ananiambia nianze na hilo hilo, nitajifunza humo humo. Mwingine anasema nianze na plastiki. Mimi napenda mbao, na ningefurahi sana kama chombo changu cha kwanza kingeweza kuelea. Ninunue seti gani, na hili la mjomba nilifanyeje?"

Ndugu yangu, pole kwa kuondokewa na mjomba, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kulifungua sanduku lake. Jibu langu ni hili: usianze na Victory, ile meli kubwa ya kivita ya Uingereza. Tafuta seti ya mbao ya mashua ndogo ya kazi, iliyo bapa chini, kubwa kwa skeli, isiyo na mlingoti au yenye mmoja tu. Ukiimaliza, unda nyingine iliyoizidi kidogo. Sanduku la mjomba litakusubiri, na mwishoni nitakueleza namna ya kulitunza.

Sikukatazi kwa kuwa Victory ni chombo kitukufu mno kwa mwanafunzi. Nakukataza kwa sababu moja ambayo rafiki yako ameisahau: katika modeli ya mbao, kazi ngumu kuliko zote huja mwanzoni, wakati mikono bado haijui kitu. Watu hutazama picha ya sanduku, wakaona msitu wa kamba na matanga, wakadhani ugumu uko juu. Kamba zinahitaji subira na macho mazuri, lakini fundo lililokosewa hukatwa likafungwa upya. Bodi, yaani mwili wa chombo, ikipinda haikatwi. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ukikaa upande kwa milimita mbili, mataruma, yaani mbavu zake, yanafuata, sitaha inafuata, milingoti inafuata, na miaka miwili baadaye unafunga kamba kwenye meli inayolala upande mmoja. Kwa hiyo seti ya kwanza huchaguliwa kwa kutazama bodi yake, si matanga yake.

Fikiria pia ukubwa wa kazi yenyewe. Victory halisi iliwekewa mkuku huko Chatham, Uingereza, mwaka 1759, ikashushwa majini 1765, ikapigana vita vya majini vya Trafalgar 1805, na tangu 1922 imekaa gudini, nje ya maji, huko Portsmouth. Ni meli ya mizinga 104. Sitaha yake ya mizinga ina urefu wa kama mita 57, kwa hiyo kwa 1:72, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 72, bodi peke yake inakaribia sentimita 80. Ukiongeza ule mlingoti wa kulala unaotokeza omoni, yaani mbele, modeli inavuka mita moja, na meza yako ndogo imekwisha. Sasa chukua zile ngazi za kamba za kupandia mlingotini. Ngazi moja yenye kamba nane za kusimama na vidato 25 ina mafundo 200. Milingoti ni mitatu na kila mmoja una ngazi kulia na kushoto, kwa hiyo ni mafundo 1,200, na hapo bado hujagusa ngazi za juu. Kwa jioni mbili kwa wiki, hiyo ni kazi ya miaka. Ni miaka mizuri kwa mtu aliyekwisha kuijua kazi, lakini kwa anayejifunza, kila hatua anaipitia mara moja tu: ataweka mkuku mmoja, atafunika bodi moja, na akigundua alipokosea atakuwa ameshapita. Anayeunda mashua tatu ndogo amefunika bodi tatu.

Mimi mwenyewe nilianza na merikebu ya milingoti mitatu. Niliunga mataruma vizuri, nikagandisha kando ya sitaha fito za kwanza, vile vipande virefu vyembamba vya mbao vya kufunikia bodi, nikajiona fundi. Kufikia ufito wa saba hivi, omoni pakaanza kujaa: fito zilibanana, zikainuka kingo, nyingine ikapanda juu ya mwenzake kama magamba ya samaki. Nikazikandamiza kwa pini na gundi. Zikafumuka usiku. Sanduku lile lilikaa juu ya kabati miaka minne, na kila nilipoliona nilijua kwamba sijakosa subira. Nimekosa maarifa fulani ambayo kitabu cha maelekezo kilikuwa kimeyapita kwa sentensi moja.

Maarifa yenyewe ni haya, na yatakusaidia hata kuchagua seti. Chombo huwa kipana katikati na hupungua kuelekea omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Chukua kipande chembamba cha karatasi, ukilaze juu ya ukingo wa taruma la katikati kuanzia sitahani mpaka mkukuni, upime. Tuseme umepata milimita 60. Kama fito zako zina upana wa milimita 5, hapo zinaingia 12. Sasa peleka karatasi kwenye taruma la mbele kabisa. Unapata milimita 36 tu. Fito zile zile 12 zinatakiwa zitoshe hapo, maana yake kila moja iwe imepunguzwa kidogo kidogo hadi ifike milimita 3 kwenye ncha. Ukizibandika zikiwa na upana mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna gundi duniani itakayozituliza, kwa kuwa nafasi haipo. Hesabu hiyo ndogo ndiyo niliyoikosa.

Na kabla ya ufito wa kwanza kuna kazi ya kuchonga mshazari. Mataruma ya plaiwudi hukatwa kwa pembe mraba, lakini fito zinapita juu yake zikiwa zinajikunja kuelekea omo. Ukiweka ufito hapo bila kuchonga, unagusa kona tu ya taruma, na gundi inashika uzi mwembamba wa mbao. Unachukua msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao kirefu, unasugua mataruma mawili matatu kwa pamoja kwa kufuata mkunjo wa chombo, kisha unalaza ufito mkavu na kuutazama dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya ufito na taruma, rudi kwenye msasa. Kazi hii huchukua jioni nzima, wakati mwingine mbili, na haina picha ya kuvutia ya kumwonyesha mtu. Lakini ndiyo inayoamua kama bodi yako itakuwa na mkunjo laini au mabonde.

Ukishaelewa hayo, picha ya sanduku unaisoma kwa jicho jingine. Tazama omo kwanza. Omo kali, iliyochongoka kama kisu, hupokea fito kwa upole. Omo butu, la mviringo kama la meli za kivita za zamani, hulazimisha kila ufito ujikunje karibu pembe mraba ndani ya sentimita chache, na ndipo fito huvunjika. Kisha tazama tezi: tezi lililokatwa bapa, kama ubao mmoja umesimamishwa nyuma, ni rahisi; tezi la mviringo ni omo la pili. Halafu tazama chini. Bapa ni rahisi kuliko ya mviringo. Ukiona omo kali, tezi bapa na chini bapa, umepata mashua inayoweza kufundisha mkono bila kuuvunja moyo. Milingoti uihesabu mwisho kabisa.

Mashua ya namna hiyo iliyo maarufu kuliko zote ni dory, ile mashua ya wavuvi wa chewa waliokwenda Grand Banks, kusini-mashariki ya Newfoundland, Kanada. Merikebu ya uvuvi ilizibeba sitahani zikiwa zimepakatana kama vikombe, vikalio vikiwa vimeng'olewa ili moja iingie ndani ya nyingine, kisha zikashushwa baharini kila moja na wavuvi wake. Ilikuwa mashua ya kutengenezwa haraka na kwa gharama ndogo: sakafu bapa, mbavu chache, mbao pana ubavuni zinazopandana. Karakana ya Lowell huko Amesbury, Massachusetts, Marekani, iliyoanza 1793, ilizijenga kwa wingi, na kampuni ya Model Shipways ina seti ya dory ya Lowell kwa skeli 1:24. Modeli yake ina urefu wa kama sentimita 25. Mbao za ubavuni zimekwisha kukatwa umbo kwa leza, kwa hiyo kile kipimo cha kupunguza ncha unakiona kwa macho yako kikiwa kimefanywa na mtu anayejua: unashika ubao ulionyooka mezani, unashangaa mbona umekatwa kama upinde, kisha unauzungusha kwenye mbavu na unaona ukingo wake umekaa sawa. Hilo ni somo ambalo ningelilipia kwa furaha katika miaka ile minne.

Seti hiyo ni ya kwanza kati ya tatu zilizopangwa kama ngazi. Inayofuata ni mashua ndogo ya Norwe yenye tanga, skeli 1:12, ambapo mbao zinapandana na mlingoti ni mmoja. Ya tatu ni mashua ya wavuvi wa kambamti wa Muscongus Bay, jimbo la Maine, Marekani, skeli 1:24, yenye bodi ya kufunika kwa fito na kamba za kutosha kukuzoesha. Sina maslahi yoyote na kampuni hiyo. Naitaja kwa kuwa ngazi hiyo imepangwa na mtu aliyefikiria nini kitangulie nini, jambo ambalo ni adimu. Watengenezaji wengine huandika "kwa wanaoanza" kwenye sanduku kwa sababu tu modeli ni ndogo. Neno hilo peke yake usilitegemee. Kuna modeli ndogo zenye omo butu na mizinga kumi na miwili midogo kama punje za mchele, na ugumu wake ni mara mbili ya chombo kikubwa.

Baada ya hapo unaweza kwenda kwenye mashua ya milingoti miwili kama Swift ya Artesania Latina, mashua ya marubani wa bandarini, skeli 1:50. Omo lake ni kali na hakuna mizinga ya kufungia kamba. Watu wengi wameanza moja kwa moja na hiyo wakafaulu, kwa hiyo kama dory haipatikani unapoweza kununua, usione umekosa kila kitu. Ila jipe muda zaidi, na ile hesabu ya karatasi usiiruke.

Skeli huwachanganya wengi, nami nitaipitia haraka. Namba ya pili ikiwa kubwa, modeli ni ndogo. Mtu wa mita 1.75 kwa 1:24 anafika sentimita 7. Kwa 1:48, ambayo ndiyo skeli ya modeli nyingi za kale za jeshi la wanamaji la Uingereza, anafika sentimita 3.6, kwa 1:96 hafiki hata sentimita 2, na kwa 1:700 ni milimita 2 na nusu. Kila unapotaka kujua kama vidole vyako vitaweza, jiulize huyo mtu angekuwa na mkono wa ukubwa gani, kwa sababu kapi na kasia vinalingana na mkono wake. Kwa modeli ya kwanza ya mbao, kaa kati ya 1:12 na 1:50.

Kuhusu mbao zenyewe, kuna jambo moja linaloeleweka kinyume. Utaona seti zilizoandikwa kwamba bodi inafunikwa mara mbili: fito nene kidogo za mbao laini kwanza, milimita 1.5 au 2, kisha fito nyembamba za mjozi au mbao nyingine nzuri juu yake. Anayeanza hudhani kufunika mara moja ni rahisi zaidi kwa kuwa kazi ni nusu. La. Kwa mashua ya mviringo, kufunika mara mbili ndiko kunakomhurumia mwanafunzi. Tabaka la kwanza unaweza kulikosea, ukaziba mianya kwa mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi, ukasugua hadi mkunjo ukae sawa, na hakuna jicho litakaloliona tena. Na unapoanza tabaka la pili, tayari ni bodi yako ya pili. Kufunika mara moja kuna uzuri wake kwenye mashua kama dory, ambako mbao zimekatwa umbo na ndani panaonekana.

Kabla ya kulipa, tafuta kitabu cha maelekezo. Baadhi ya watengenezaji hukiweka kwenye intaneti bure, na kukisoma ni bora kuliko kutazama picha mia za modeli iliyomalizika. Nenda moja kwa moja kwenye kurasa za kufunika bodi. Kama kinakuonyesha kwa picha namna ya kupunguza fito na kuchonga mataruma, nunua kwa amani. Kama kinasema tu "funika bodi kwa fito" na ukurasa unaofuata bodi imeshafunikwa, hicho kimeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, si wewe. Na sanduku lisilo na jina la mtengenezaji, lenye michoro iliyofifia kama nakala ya nakala na bei ya chini kupita kiasi, liache. Mara nyingi ni kazi ya msanifu mwingine iliyoibwa, na vipande vyake havikubaliani, kwa sababu aliyenakili hakuijenga mwenyewe.

Rafiki yako wa plastiki hajakosea, ila amejibu swali jingine. Plastiki inafundisha rangi, usafi wa maungio na uvumilivu wa kusubiri kitu kikauke. Gundi yake huyeyusha plastiki na kuunganisha vipande kama kuchomelea, kwa hiyo kosa halibanduki. Bodi huja nusu mbili zilizokwisha kufinyangwa, maana yake lile somo kuu la mbao halimo. Kama ungeniambia unapenda manowari za chuma za karne ya 20, ningekupeleka huko bila kusita: mbao haiigi chuma vizuri. Boti ya uokoaji ya Airfix aina ya Severn, skeli 1:72, ingekuwa mwanzo mwema kuliko manowari ya 1:700 yenye vipande ambavyo vikianguka zuliani huvioni tena. Lakini umesema unapenda mbao. Mapenzi hayo yafuate, kwa kuwa ndiyo yatakayokurudisha mezani jioni ya tatu mambo yakikwama.

Sasa kuelea. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hamu hii imeharibu modeli nyingi nzuri. Seti nyingi za mbao za kuonyeshwa kabatini hazikusanifiwa kwa maji. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa, plaiwudi ya ndani huvimba, na uzito haukupangwa. Uzito wa chombo hupungua kwa mchemraba wa skeli: chombo cha tani 1,000 kwa 1:50 unagawa kwa 50 mara tatu, yaani kwa 125,000, kinabaki kilo 8. Kilo hizo nane ndizo zinazokifanya kikae majini kwa kina chake, na modeli ya fito haifiki hapo bila kubebeshwa madini ya risasi chini. Tanga ndiyo balaa zaidi. Ukipunguza mashua kwa nusu, nguvu ya upepo wa kuipindua hupungua mara nane, lakini nguvu yake ya kujiinua hupungua mara kumi na sita. Ndiyo maana modeli ndogo ya tanga iliyopunguzwa kwa uaminifu hulala chali kwa upepo ambao mashua halisi ingeufurahia, na ndiyo maana boti za mashindano zinazoongozwa kwa redio huwa na pezi refu chini lenye uzito wa risasi, ambalo mashua halisi haina.

Kama kuelea ndiko kunakokuvuta kuliko kuunda, nunua seti iliyotengenezwa kwa hilo: boti ya kuvuta meli, yenye injini ya umeme na bodi iliyokuja nzima, ya plastiki au ya faiba. Boti za kuvuta ni pana, nzito, za mwendo wa taratibu, na zinasamehe. Ukitaka tanga, kuna DF65 ya Joysway, sentimita 65, ambayo huja karibu imekamilika na inaongozwa kwa redio. Utajifunza upepo, hutajifunza useremala. Ushauri wangu kwako binafsi ni kwamba utenganishe hamu hizo mbili. Unda dory ya kabatini sasa. Ya majini iwe mradi wake mwenyewe, na ukifika huko utajua kuchagua gundi isiyoogopa maji na namna ya kuifunika mbao ndani na nje kwa epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu.

Vifaa usinunue vingi. Sanduku la zana hamsini ni sehemu nyingine ambako pesa za wanaoanza hupotelea. Kisu chembamba chenye ncha za kubadilisha, na ubadilishe kabla hakijawa butu, kwa sababu kisu butu ndicho kinachokata kidole. Rula ya chuma, skwea ndogo ya seremala au kipande chochote chenye pembe mraba ya uhakika, msasa wa namba 120, 220 na 400, kibano cha kushikia vitu vidogo, penseli, na vibanio vya nguo vya mbao viwe vingi. Ongeza kipande cha kioo kinene. Kioo ndicho kitu bapa cha kweli kitakachokuwa mezani kwako: ukilaza mkuku juu yake unaona mara moja kama umepinda.

Gundi nyeupe ya mbao ifanye karibu kazi yote. Inakupa dakika kadhaa za kurekebisha na ikimwagika unaifuta kwa kitambaa chenye maji. Supagluu nayo ina nafasi yake ndogo, kushikiza ncha ya ufito wakati gundi nyeupe inakauka, lakini itumie tone kwa tone. Ikipenya kwenye mbao inayotarajiwa kupakwa vanishi huacha doa ambalo vanishi halilifichi. Na usiifute kwa pamba wala kuvaa glavu za pamba: supagluu ikikutana na pamba nyingi hupata moto ghafla, kiasi cha kuunguza ngozi. Fungua dirisha, na unaposugua mbao vaa barakoa, maana vumbi lile jembamba halina faida kifuani.

Kupinda fito nako kuna maneno mengi, na mengi yanasisitiza maji. Kinachopinda mbao hasa ni joto. Maji husaidia tu kulipeleka joto ndani. Loweka ufito dakika chache, si usiku kucha, kisha uulaze juu ya kitu cha mviringo na upitishe pasi ya moto taratibu, ukibonyeza ncha kwa vidole. Kuna sekunde fulani utasikia mkononi ufito umekubali: ule ukaidi wa kurudi nyuma unaisha, kama mtu aliyelegeza bega. Hapo simama. Ushikilie hadi upoe, na ukiuachia utabaki na mkunjo wake. Jaribu kwanza kwa kipande cha ziada mara tatu nne, uvunje kimoja kwa makusudi ili ujue mpaka uko wapi.

Seti ikifika, jioni ya kwanza usigandishe chochote. Hesabu vipande ukilinganisha na orodha, kwa sababu upungufu ukiugundua wiki ya kwanza muuzaji hukusikiliza, na ukiugundua mwezi wa sita ni wako. Usivitoe vipande vyote kwenye vibao vyake vya leza kwa mara moja. Andika namba ya kila kipande kwa penseli mgongoni kabla ya kukitoa. Kisha soma kitabu mwanzo hadi mwisho ukiwa na michoro mbele yako. Kwa jioni mbili kwa wiki, dory unaweza kuimaliza katika miezi miwili au mitatu bila kukimbizana.

Na sanduku la mjomba. Lifungue sasa, usiogope. Kagua vipande dhidi ya orodha, uandike kilichopungua. Toa michoro, uikunjue, uilaze bapa chini ya godoro au uizungushe kwenye mrija mpana, kwa kuwa mikunjo ya miaka hukata karatasi hasa pale penye vipimo. Plaiwudi ya mkuku na mataruma ilaze juu ya kioo chako. Kama imeanza kupinda, ibane kati ya mbao mbili zilizonyooka na uiweke uzito. Fito zifunge pamoja kwa mkanda mpana usiokaza, zilale mahali bapa kwa urefu wake wote, mbali na dirisha na mbali na ukuta wenye unyevu. Nyuzi za kamba zikague: zilizopauka au zinazokatika kwa kuvutwa kidogo zitabadilishwa, na hilo si hasara kubwa. Kisha mchoro mmoja, ule wa ubavu wa meli, usiufungie. Ubandike ukutani juu ya meza unapounda dory. Kila utakapomaliza hatua, mkuku, mbavu, ubao wa kwanza, inua macho uitafute hatua hiyo hiyo kwenye Victory. Ukifika siku unatazama omo lile butu na mkono wako wenyewe unaanza kupima ni wapi fito zitapunguzwa, chukua kisu.